Tia Mkono Ndani ya Gorogoro

Nenda soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili asubuhi, usimame kando ya mama anayeuza mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, kisha uwatazame wateja. Mgeni hutazama juu: je, mahindi yamejaa hadi yakafanya kilima? Mwenyeji hana haja na kilima. Huuliza bei, akachukua kopo lenyewe likiwa tupu, akatia mkono ndani na kupapasa kitako kwa vidole. Anajua kopo linaweza kuwa limegongwa kwa chini, kitako kikaingia ndani kama sahani iliyofunikwa. Sakafu ikishapandishwa, kilima cha juu ni cha kumfurahisha mgeni tu.

Sijawahi kumsikia muuzaji akimwambia mteja wa namna hiyo, "Mama, hilo ni kopo tu." Angefukuzwa sokoni. Lakini jibu kama hilo nimelisikia likitolewa kuhusu grafu, mbele ya watu zaidi ya mia mbili, na kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Ilikuwa mkutano mkuu wa mwaka wa chama kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika kaunti ya Nakuru, kule milimani ambako asubuhi sweta moja haitoshi. Jina la chama nitaliacha. Ukumbi ulikuwa wa kanisa, projekta ya kuazima, na ukuta wa rangi ya krimu ndio uliokuwa skrini. Meneja akaonyesha nguzo mbili: bei ya lita mwaka uliopita na bei ya mwaka huu. Ya kwanza ilikuwa fupi kama kigoda. Ya pili ilisimama kama mlingoti wa bendera. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Kisha mama mmoja wa safu ya nyuma, leso mabegani, pesilipu za miezi kadhaa amezifunga kwenye kitambaa, akainua mkono.

"Mwanangu meneja, asante. Hiyo nguzo ya mwaka huu naona ni mara nne ya ile nyingine. Sasa mbona pesa zangu hazikuwa mara nne?"

Watu wakaangua kicheko. Meneja naye akacheka. "Mama, hiyo ni grafu tu. Bei imepanda, hilo ndilo la muhimu."

Bei ilikuwa imepanda kutoka shilingi 45 hadi 48. Kipimo cha pembeni, kwa maandishi ambayo hata mimi niliyekaa safu ya tatu niliyasoma kwa shida, kilianzia 44. Toa 44 kwenye 45, inabaki 1. Toa 44 kwenye 48, zinabaki 4. Mara nne, kama mama alivyosema. Macho yake yalisoma sawasawa kile alichoonyeshwa. Ongezeko lenyewe lilikuwa shilingi tatu juu ya 45, yaani chini kidogo ya asilimia 7. Pale ukutani hapakuwa na namba hata moja ya uongo. Kilichobonyezwa kilikuwa kitako.

Simshuku meneja kwamba alikusudia hila. Programu za kompyuta zikiona namba zinakaribiana, nyingi hujichagulia pa kuanzia, na mtu aliyemaliza kuchapa ripoti saa sita usiku hatazami chini ya nguzo. Ninachomlaumu ni lile jibu. "Ni grafu tu" maana yake ni kwamba mchoro uliwekwa pale upendezeshe, na anayeusoma kwa makini amekosa adabu.

Sheria ya vyama vya ushirika inataka hesabu zilizokaguliwa ziwekwe mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu. Wazione, waulize. Lakini kurasa thelathini za namba ndogo haziwezi kuulizwa na mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kukamua. Hapo ndipo grafu ilipo na kazi: hufupisha safari kati ya namba na swali. Sisi tumeigeuza. Nyingi ninazokutana nazo katika kazi yangu ya kuandaa ripoti, kuanzia vyama vya maziwa hadi sako hadi maduka ya jumla yenye matawi matatu, zimechorwa ili swali lisiulizwe. Zina rangi, zina kivuli, zina mshale unaopaa. Ukizitazama unahisi mambo ni mazuri; ukitaka kuzipinga huoni pa kushika. Kipimo changu kimebaki kimoja: mwanachama wa safu ya nyuma anaweza kubishana na mchoro huu?

Wapo mameneja wanaoniambia kwamba wanachama hawaelewi namba, ndiyo maana ni lazima kuwarembea. Sikubali. Kijana wa bodaboda pale Kondele, Kisumu, anajua, bila kuandika popote, leo amechoma mafuta ya kiasi gani, hesabu ya mwenye pikipiki ni ngapi, na kinachobaki kitatosha unga au hakitoshi. Akina mama wa chama cha mzunguko hukumbuka nani alipokea mwezi gani miaka mitatu iliyopita. Mfugaji anajua ng'ombe gani analipa dairy meal anayokula na yupi anakula bure. Watu hawa wanaishi ndani ya namba. Wasichokijua ni lugha ya mapambo tunayowafunikia namba hizo.

Turudi kwenye nguzo. Kwa nini sakafu yake iwe sufuri? Kwa sababu jicho husoma nguzo kwa urefu wake wote, kuanzia chini hadi juu, na huwezi kuliamuru lisifanye hivyo kwa kuandika namba ndogo pembeni. Mwaka 1984 wanatakwimu wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walichapisha majaribio waliyofanya kwa kuwapa watu michoro na kuwataka wakadirie tofauti. Watu walikadiria vizuri zaidi walipolinganisha vitu vilivyosimama kwenye kipimo kimoja. Urefu uliwapotosha zaidi, na pembe vilevile. Katika mpangilio waliopendekeza, ukubwa wa eneo uliwekwa chini ya hapo, na weusi au weupe wa rangi ukawa mkiani. Mambo mengi niliyowahi kubishana na wateja wangu yangemalizwa na mpangilio huo, kama wangekuwa na subira ya kunisikiliza.

Lakini sufuri nayo isifanywe amri ya Musa. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2020 maji yalipanda kuliko wakati wowote uliokuwa umerekodiwa hadi hapo, na watu wa fukwe za Kisumu, Nyando na Budalang'i hawahitaji mimi niwakumbushe waliyopitia. Chukua sasa vipimo vya ziwa vya miaka mingi, uvichore kwa mstari unaoanzia sufuri. Utapata uzi ulionyooka, juu kabisa ya karatasi, usio na tukio lolote. Mchoro huo ungekuwa na sufuri yake kamili na ungekuwa umewaficha watu waliolala kwenye madarasa ya shule. Kwa mwenye kibanda cha samaki Dunga, mita moja au mbili za mwisho ndizo kila kitu. Zile elfu moja na mia moja za chini yake hazimhusu.

Nguzo husema "kiasi chote ni hiki." Mstari husema "kimebadilika hivi." Ukichora mstari unaweza kuanzia unapoona panafaa, mradi uandike wazi kwamba umeanzia hapo na mabadiliko yenyewe yawe na maana kwa mtu anayesoma. Shilingi tatu za lita zina maana? Kwa anayepeleka lita 20 kila siku ni shilingi 60, karibu 1,800 kwa mwezi. Ni pesa. Meneja angeandika hivyo tu, "Mwenye lita 20 kwa siku amepata shilingi 1,800 zaidi kwa mwezi," makofi yangekuwa ya haki na mama wa nyuma angelinganisha na pesilipu zake palepale.

Baada ya nguzo ilikuja duara. Matumizi ya chama, vipande kumi na vinne, rangi kumi na nne, na mchoro mzima umelazwa kwa mtindo wa picha nene, kama chapati kwenye kikaango inayotazamwa na mtu aliyesimama mlangoni. Kitu kikilazwa hivyo, kipande cha mbele huonekana kinono na cha nyuma hukonda. Mbele palikuwa na "huduma kwa wanachama". Posho za vikao zilikuwa nyuma, nyembamba kama ukucha, ingawa asilimia zilizoandikwa kwenye vijisanduku zilionyesha kwamba posho zilizidi huduma hizo. Safari hii hakuna aliyeuliza. Nadhani watu walikuwa bado wanatafuta kijani ipi ni ipi.

Duara hili na zile nguzo zina baba mmoja, Mskoti aitwaye William Playfair, na historia yake hunichekesha kila nikiikumbuka. Mwaka 1786 alitoa kitabu cha biashara ya Uingereza kikiwa na mistari ya bidhaa zilizoingia na kutoka, mwaka baada ya mwaka. Alipofika Uskoti akakwama: alikuwa na takwimu za mwaka mmoja pekee, na mwaka mmoja haufanyi mstari. Basi akachora nguzo, jozi moja kwa kila mahali Uskoti ilikofanya biashara napo, kumi na saba kwa jumla, na akaeleza kana kwamba anaomba radhi. Mchoro tunaoutumia kila siku ulizaliwa kwa upungufu wa data. Duara alilileta mwaka 1801. Mwenyewe alikuwa mtu wa mipango mingi na madeni mengi, jambo ambalo halithibitishi chochote kuhusu duara, ila nimeshindwa kulinyamazia.

Duara lina mahali pake. Likiwa na vipande viwili au vitatu, na swali likiwa "je, imefika nusu?", linajibu upesi kuliko kitu kingine. Ikizidi hapo, tandaza nguzo zilizolala, kubwa zaidi juu, ndogo zaidi chini, jina la kila moja kando yake ili mtu asirushe macho huku na kule akitafuta rangi. Posho ingekuwa ya tatu kutoka juu. Mtoto wa darasa la nne angeiona.

Hayo ni makosa ya mkono. Yapo mengine ambayo mchoro umechorwa vizuri kabisa na bado watu wanatoka wamepotoka, na haya ndiyo yananikosesha usingizi zaidi kwa sababu huwezi kumlaumu aliyechora.

Mfumuko wa bei nchini ulifika asilimia 9.6 Oktoba 2022. Oktoba 2024 ulikuwa asilimia 2.7. Weka namba za miezi yote iliyo katikati kwenye grafu, utapata mteremko ambao hata baiskeli isiyo na breki ingeuogopa. Mwananchi akiutazama anaelewa kwamba bei zimeshuka, anakwenda dukani Nakuru, anakuta mafuta ya kupikia hayajarudi kwenye bei yake ya zamani, anahitimisha kwamba takwimu ni uongo wa serikali. Takwimu si uongo. Grafu ile huchora kasi ya bei, na kasi ikipungua bei bado inapanda, polepole tu. Matatu iliyopunguza mwendo kutoka kilomita 90 hadi 30 kwa saa bado inaelekea Eldoret, haijageuza kurudi Nakuru. Bidhaa ya shilingi 100 iliyopanda kwa asilimia 9.6 ikawa 109.60, mwaka unaofuata ikipanda kwa asilimia 3, inakaribia 113. Chora mstari wa bei yenyewe chini ya mstari wa kasi, viwili kwenye ukurasa mmoja, na ugomvi unapungua.

Kosa hilohilo hukaa ndani ya ripoti za biashara zetu. Nimeona mwenye duka akitaka kumfukuza msimamizi wa tawi kwa sababu mstari wa "ukuaji wa mauzo" ulikuwa unateremka. Tawi lilikuwa limekua asilimia 30 mwaka wa kwanza, 20 wa pili, 12 wa tatu. Mauzo yenyewe hayakuwahi kushuka hata mwaka mmoja. Lilikuwa ndilo tawi lake bora. Ilinichukua kalamu na nyuma ya risiti kumwokoa kijana wa watu.

Dola nayo ina mtego wake. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kufikia Agosti mwaka huohuo ilikuwa karibu 129. Grafu ya kawaida huonyesha shilingi ngapi zinanunua dola moja, kwa hiyo mstari ulianguka. Niliketi na muuza vipuri vya pikipiki, mtu anayeagiza mizigo na mwenye akili ya biashara kuliko mimi, akanionyesha simu yake: "Ona kaka, shilingi inaanguka." Shilingi ilikuwa inapanda. Kilichokuwa kinaanguka ni bei ya dola, na kwake yeye ilikuwa habari njema ya mwaka. Maneno matatu juu ya grafu, "Dola inashuka bei," yangetosha. Badala yake juu paliandikwa herufi sita na mkwaju: KES/USD. Kichwa cha grafu kikiwa jina la data tu, kila msomaji anajitungia habari yake. Kikiwa sentensi kamili, mwandishi amejifunga, na ukiona mchoro hausemi alichoandika una haki ya kumuuliza.

Mwingine ni msimu. Huku kwetu biashara nyingi zinatembea na mvua na ziwa, halafu ripoti inalinganisha mwezi huu na mwezi uliopita kana kwamba tunauza sabuni. Maziwa ya Njoro na Molo hupungua kiangazi cha Januari na Februari, majani yakikauka, na hurudi mvua ndefu zikikolea. Meneja akilinganisha Mei na Februari atajisifu. Akilinganisha Februari na Novemba atajitetea. Na katika hali zote mbili mvua ndiyo iliyofanya kazi. Uvuvi wa omena nao hufungwa kwa kipindi kila mwaka, kwa kawaida kati ya Aprili na Julai, ili samaki wazaane. Muuza omena ambaye mstari wake umezama Mei hajashindwa biashara. Mlinganishe na Mei ya mwaka jana. Mimi huchora mistari miwili juu ya miezi kumi na miwili ileile, wa mwaka jana kwa rangi ya kijivu hafifu, wa mwaka huu mweusi uliokolea. Mtu anaona mabonde yanakaa mahali pamoja na anaacha kuhangaika na bonde. Anaangalia kama la mwaka huu ni refu kuliko la mwaka jana.

Halafu kuna wastani, mjomba wa familia anayependwa na kila mtu na ambaye hakuna aliyewahi kumkagua.

Kwenye mkutano ule tuliambiwa mwanachama wa kawaida hupeleka lita 20 kwa siku. Chukua wanachama kumi: tisa wanaleta lita 6 kila mmoja, wa kumi analeta 146. Jumla ni 200, wastani ni 20. Sasa nitafutie mwanachama mwenye lita 20. Hayupo. Ukipanga bei ya chakula cha mifugo, mkopo au gari la kukusanya maziwa kwa kumfikiria mtu huyo wa lita 20, umepangia kivuli. Niliwahi kulionyesha jambo hili kwa punje za mahindi, nyumbani kwa mweka hazina, juu ya mkeka. Nilichora kwa chaki mstari wenye namba kuanzia 0 hadi 150, nikampa orodha ya wanachama, na kila jina alilosoma akaweka punje moja mahali pa lita zake. Punje zikarundikana kati ya 4 na 9 hadi zikaanza kubingirika. Chache zikatawanyika huko mbele. Pale kwenye 20, kwenye wastani wenyewe, palikuwa peupe. Mweka hazina alinyamaza, akanyanyua punje moja ya mbali kule 140, akaigeuzageuza. Alijua ni ya nani.

Mtakwimu Mwingereza, Francis Anscombe, alifanya jambo la jamaa moja na hilo mwaka 1973. Alitunga mafungu manne ya namba, kila fungu jozi kumi na moja. Ukipiga wastani zinalingana, ukipima uhusiano zinalingana. Ukizichora, moja ni mteremko wa kawaida, ya pili imepinda kama upinde, ya tatu imenyooka ila nukta moja imekimbia zake, ya nne imesimama wima na nukta moja imetupwa pembeni. Alikuwa akiwajibu wenzake waliodhani kuchora ni kazi ya wavivu wasiojua hesabu. Angeona punje zetu angefurahi.

Ramani nizipitie kwa haraka. Kampuni ikikupa ramani ya kaunti 47 iliyopakwa rangi kwa mauzo, kumbuka Turkana ina eneo zaidi ya mara mia moja ya Vihiga, lakini Vihiga ina zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba moja kwa sensa ya 2019. Rangi ya Turkana itajaza macho. Vihiga utaitafuta kwa miwani. Wateja wako wako wapi? Weka duara dogo juu ya kila kaunti kulingana na wateja, au achana na ramani kabisa uchore nguzo.

Na simu. Siku hizi ripoti haisomwi mezani, hutumwa kwenye kundi la WhatsApp, inafunguliwa kwenye kioo kilichopasuka, juani, na mtu aliyesimama kwenye foleni ya maziwa. Asiye na simu anapewa nakala ya fotokopi ambayo rangi zote kumi na nne zimekuwa kijivu. Wapo pia wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani tangu kuzaliwa, na nina hakika kila kamati ina wake ambaye hajawahi kusema. Kabla sijatuma mchoro wowote siku hizi huufotokopi kwa shilingi kumi mjini, naushika kwa urefu wa mkono. Usiposomeka hivyo, narudi kazini.

Mwaka uliofuata kamati ya kile chama iliniita niandae ripoti. Sijui kama ni kwa sababu ya kunisikia nikilalamika chai ilipoandaliwa, au ni kwa sababu nilikuwa wa bei nafuu. Bei ya mwanachama ilikuwa imebaki shilingi 48, kwa hiyo hapakuwa na mlingoti wa kusimamisha. Nilitoa karatasi moja, nyeusi na nyeupe, nakala mia mbili na hamsini. Juu niliandika: "Lita moja iliuzwa shilingi 55. Mwanachama alipata 48." Chini yake nikachora utepe mmoja mrefu uliolala, umegawanywa visanduku 55, kila kisanduku shilingi moja, kuanzia sufuri. Visanduku 48 vyeupe. Vitatu vyenye mistari, usafiri. Viwili vyeusi, mishahara. Kimoja chenye nukta, posho za vikao. Kimoja kijivu, mengineyo.

Meneja aliitazama akaniuliza kama haingefaa kuongezewa rangi kidogo.

Mama yule alikuwa safu ileile ya nyuma. Alivaa miwani safari hii, iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja. Aliweka kidole kwenye sufuri, akakisogeza polepole mpaka 48, akasimama hapo, kisha akahesabu visanduku vilivyobaki kwa sauti, moja, mbili, hadi saba. Jirani yake akahesabu pia kuhakikisha. Ndipo akainua mkono.

"Mwanangu, hivi vitatu vya usafiri. Mwaka jana vilikuwa vingapi?"

Meneja akanitazama. Niliangalia karatasi yangu, utepe wangu nilioujivunia wiki nzima, na mwaka jana haukuwa popote pale. Sikuwa nimeuweka. Nikasimama nikasema hivyo. Mweka hazina akainama chini ya meza, akatoa faili la mwaka uliotangulia, akaanza kufungua kamba. Nje vikombe vilikuwa vimeshaanza kugongana na harufu ya chai ya maziwa ilikuwa imeingia mpaka ndani, lakini watu walibaki kwenye viti, karatasi mkononi, wakingoja apate ukurasa.